Onyo Lililozimwa na Leseni

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, nami nilikuwa nimeketi ofisini na kikombe cha chai, daktari wetu wa zamu alipopitisha kichwa mlangoni na kuniambia kwamba siku hizi mashine yangu imekuwa na adabu, haimgombezi tena. Alisema hivyo kwa utani, akacheka, akaenda zake wodini. Nami nilicheka. Kisha nikaweka kikombe mezani, kicheko kikaniishia kinywani.

Mimi ni mwanamke, na ni fundi wa kompyuta katika hospitali ndogo upande wa Nyakoe. Kadi za wagonjwa wetu hazikai tena kwenye makabati, zimo ndani ya programu tuliyoinunua, na kazi yangu ni kuhakikisha programu hiyo inaamka kila siku na kufanya ilichonunuliwa kufanya. Moja ya kazi zake ni hii. Mgonjwa akiwa na mzio, yaani kuna dawa ambayo mwili wake unaikataa, jambo hilo huandikwa katika kadi yake. Daktari akisahau na kumwandikia dawa hiyo, au hata ndugu ya dawa hiyo, sanduku jekundu hutokea kwenye kioo na kumzuia asiendelee mpaka aeleze sababu. Madaktari hawakulipenda sanduku lile. Huyu wa zamu ndiye aliyelichukia zaidi, maana alikuwa mwenye haraka, na mara nyingi alinipigia simu akitaka nimwondolee kelele hizo. Sasa alikuwa ananishukuru, wala mimi sikuwa nimemwondolea chochote.

Katika programu hiyo nilikuwa na mgonjwa wa kubuni, ambaye hajawahi kuzaliwa wala kuugua, niliyemwandika kwa ajili ya majaribio. Katika kadi yake nilikuwa nimeandika kwamba mwili wake unakataa penisilini. Nikamfungua, nikamwandikia amoksilini, ambayo ni ya ukoo huohuo. Nilingoja wekundu. Programu ilipokea dawa, ikaiandika, ikaniuliza kama ninataka kuchapisha.

Nikaenda kwenye ukurasa wa mipangilio. Kisanduku cha onyo la mzio kilikuwa na alama ya vema, kama nilivyokiacha. Ukikitazama, kila kitu kilikuwa sawa, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Kitu kilichoharibika kikaonekana kimeharibika unaweza kukitengeneza. Hiki kilikuwa kimekaa pale kikinitazama usoni na kuniambia kinafanya kazi.

Programu kama ile huwa na mlango mwingine usio na picha wala vitufe, ambao kompyuta nyingine huutumia kuiuliza maswali. Mafundi huuita API. Unatuma swali la maandishi, unajibiwa kwa maandishi, na haikupambii jibu. Swali mojawapo unaloweza kuliuliza ni leseni yetu inaruhusu nini, kwa sababu programu za kununua ni kama nyumba ya kupanga. Vyumba vyote vimekwisha kujengwa, lakini unafunguliwa vile vilivyo kwenye mkataba wako tu. Sikuwa na mazoea ya kuuliza swali hilo. Leseni ilipokuwa inahuishwa, makubaliano yalifanywa na wakubwa na wauzaji wenyewe, mimi nikiletewa ufunguo mpya, yaani msimbo wa leseni, niuweke. Wiki chache nyuma niliuweka, kompyuta zikawaka, watu wakaendelea na kazi.

Nilituma swali. Jibu lilikuja kabla sijaondoa kidole. Usajili wa wagonjwa: kweli. Maabara: kweli. Stoo ya dawa: kweli. Malipo: kweli. Nikateremka na macho yangu polepole, kama mtu anayesoma majina ya waliofeli. Onyo la mzio wa dawa: si kweli.

Leseni mpya ilikuwa ya kifurushi kingine, chenye jina linalofanana na la zamani, na ndani ya kifurushi hicho chumba kile hakikuwemo. Alama yangu ya vema ilibaki palepale kwenye kioo, haina nguvu yoyote. Nilihisi baridi ikinipanda kutoka magotini. Sikujiuliza kama kuna mtu aliyedhurika. Nilijiuliza ni nani.

Nilimwita metroni, mkuu wa manesi wetu, mwanamke mrefu wa makamo asiyepandisha sauti hata mbele ya kifo. Ni Msabato, lakini kanisa lake halimkatazi kuhudumia wagonjwa siku ya Sabato. Nilimweleza nikiwa nimesimama, nikimwonyesha kile kioo. Nilitegemea aniulize ni kosa la nani, na nilikuwa nimeanza kupanga majibu kichwani. Hakuuliza. Alitaka tu kujua hali hiyo ilianza lini. Nikamwambia, tangu ufunguo mpya.

"Basi nitafutie kila mtu aliyepewa dawa inayomkataa tangu siku hiyo," alisema. "Mimi nasimama hapa."

Alisimama nyuma ya kiti changu huku nikiandika. Nilikosea tahajia ya neno nililoliandika maisha yangu yote. Hatimaye kompyuta ikaleta watu watatu. Wa kwanza alikuwa bado wodini kwetu, na metroni alitoka hapohapo kwenda kuisimamisha dawa yake. Alimkuta hajambo, anakula ndizi. Wa pili aliandikiwa dawa lakini hakuichukua, akaenda zake. Wa tatu alikuwa mama aliyejifungua kwa upasuaji na kuruhusiwa jana yake mchana. Alikuwa ameondoka na vidonge vya ukoo wa penisilini ndani ya mkoba.

Kadi yake ilikuwa ya siku nyingi. Kwao ni karibu na hospitali yetu, na alipokuwa msichana wa shule aliwahi kuchomwa sindano ya penisilini akaanguka, akakaribia kufa, na mtu fulani mwenye busara akayaandika hayo. Baadaye aliolewa Nyansiongo. Alikuja kujifungulia karibu na mama yake, na jana mumewe alikuja kumchukua na mtoto, wakaenda nyumbani kwao.

Tulipiga simu yake. Sauti ile ya kike isiyojali kitu ikatuambia mteja hapatikani. Tukapiga ya mumewe, haikupatikana. Metroni alifumba macho kidogo, akanieleza kile ambacho mimi Mkatoliki sikuwa nimekifikiria. Hawa ni Wasabato. Jua lilipotua jana walizima simu, nao hawataziwasha mpaka litue leo. Tulimpigia naibu wa chifu wa eneo lile, aliyekuwa akifahamiana na metroni. Naye pia alikuwa amezima.

Wodi hazikuweza kumwachilia nesi mwingine, kwa hiyo metroni akaniambia nitwae simu yangu, niingie kwenye ambulensi, kazi yangu iwe kuendelea kupiga nambari zile njia nzima. Yeye alibeba sanduku la dawa za dharura mapajani. Dereva hakuelezwa mengi, lakini aliuona uso wa metroni, akaendesha. Tulipita Kisii mjini, tukapanda kuelekea Keroka. Kila mara nilipopiga, sauti ileile ilinijibu. Metroni alinieleza kwa sauti ya chini jinsi mzio ule unavyokwenda: dozi ya kwanza inaweza kumwasha mtu ngozi tu, akadhani ni sabuni, na dozi inayofuata ikaja na nguvu nyingine. Nilihesabu kichwani bila kutaka. Jana jioni lazima alimeza. Leo asubuhi pia.

Kuanzia Nyansiongo ardhi hufunguka. Kwetu huku Kisii mashamba yamebanana hata jogoo wa jirani ni kama wako, lakini kule Borabu, kwenye yaliyokuwa mashamba ya walowezi, boma na boma yanatenganishwa na chai, mahindi na malisho ya ng'ombe, wala hakuna wa kumuuliza barabarani asubuhi ya Sabato. Kituo cha kukusanyia majani chai kilikuwa kitupu. Maduka yalikuwa yamefungwa. Tulipokata kona moja niliona hema jeupe nyuma ya mikaratusi, viti vya plastiki na watu wengi wamesimama. Kwetu hema na viti vina maana moja kwanza kabla ya nyingine. Nadhani nilitoa sauti, maana metroni alinishika mkono akaniambia nitulie, Wasabato hawaziki Sabato. Lilikuwa kanisa, na hema ni la wale waliokosa nafasi ndani.

Metroni alishuka peke yake kwenda kuulizia. Nilimwona akipita katikati ya watu, akainama mbele, akamnong'oneza mzee wa kanisa. Nyimbo zikakatika. Mzee akasimama, akauliza kwa Ekegusii kama yupo baba aliyemleta mke na mtoto mchanga nyumbani jana. Kijana mmoja aliyevaa koti kubwa kuliko mabega yake akainuka nyuma kabisa. Sitasahau jinsi watu wote walivyogeuka kumtazama, na jinsi alivyotazama kulia na kushoto akitumaini kwamba kuna mwingine.

Ndani ya gari alitueleza. Mkewe alijikuna usiku kucha. Walidhani ni ile leso mpya aliyojifunga kabla haijafuliwa. Asubuhi alisema koo linamkereketa, mama mkwe wake akamkorogea uji wa wimbi, naye akameza vidonge kwa uji huo kama alivyoagizwa, kisha mume akaenda kanisani kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto. Metroni alimuuliza kama mkewe hakusema kwamba anakatazwa dawa fulani. Akajibu kwamba alisema, alisema anakatazwa sindano. Walipompa vidonge alifurahi, akijua amenusurika.

Boma lao lilikuwa mwisho wa njia ya udongo, chai ikiwa pande zote mbili. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni na mtoto mapajani. Alipotuona alisimama na kuanza kutukaribisha kwa heshima, akatuambia mkwewe amelala, uso umemvimba kidogo, ni uchovu wa uzazi. Metroni alimpita bila kumwamkia. Katika maisha yangu sijawahi kuona mwanamke wa kabila letu akimpita mama mzee mlangoni bila salamu, na yule mama alielewa mara moja. Alinigeukia, akanisukumia mtoto mikononi, akaingia nyuma yake.

Nilisimama kizingitini. Yule mama mzazi alikuwa ameketi kitandani, hajalala, ameegemea ukuta. Midomo yake ilikuwa imevimba mpaka haikufunga. Macho yalikuwa mistari miwili. Kila alipovuta pumzi ilitoka sauti nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, na kati ya pumzi moja na nyingine kulikuwa na nafasi ndefu mno. Alinitazama mimi, au mtoto niliyembeba, akajaribu kusema, halikutoka neno.

Metroni alimchoma sindano ya paja juu ya nguo. Yule mama alipoiona sindano alijaribu kuusukuma mkono wake, na nguvu aliyoitumia iliniogopesha kuliko uvimbe. Mumewe akamshika mabega. Alikuwa analia, akimwambia kwa Ekegusii, maneno machache yaleyale: hii ni nyingine, hii ni nyingine.

Kisha hatukuwa na la kufanya ila kungoja. Metroni alikuwa amemshika kifundo cha mkono na kutazama saa. Mimi nilikuwa naitazama ile nafasi kati ya pumzi na pumzi. Nilijiambia kwamba kama nafasi hiyo itapungua nitaamini, na nilipoona imepungua sikuamini. Metroni alisema tumbebe.

Tulikimbilia hospitali iliyokuwa karibu zaidi, yenye oksijeni. Nyuma ya ambulensi metroni alimchoma sindano ya pili. Mume aliomba Mungu, jina la Nyasae likitoka kinywani mwake kila gari liliporuka shimo. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pembeni na mtoto. Alikuwa kimya kabisa, kichanga chepesi kama bahasha, na kimya chake kikaanza kunitisha. Dawa hupita kwenye maziwa, niliwaza, na huenda mwili wake umerithi mzio wa mama. Nikaweka kidole chini ya pua yake nikasikia pumzi, vuguvugu, ndogo. Nikakiondoa. Hofu ikarudi, nikakiweka tena. Nilifanya hivyo mpaka tulipofika.

Mama yule alipona. Nalisema hili mapema kwa sababu nilipokuwa kwenye benchi la hospitali ile hakuna aliyeniambia, na saa zile zilinifundisha jinsi ya kumhurumia mtu anayengoja. Jioni metroni alitoka akasema uvimbe wa koo umeshuka, ameomba maji, ameuliza mtoto amenyonya nini. 

Kwetu hospitalini, siku zilizofuata kila dawa ilisomwa kwa sauti mara mbili, nesi akishika kadi na daktari akijibu. Yule daktari wa zamu hakutania tena. Alikuwa anasoma hata kadi za wagonjwa waliokuja kufungwa vidonda. Wauzaji walipopigiwa simu walisema ni mkanganyiko wa vifurushi, wakatuletea ufunguo mwingine. Niliuweka, nikamwandikia mgonjwa wangu wa kubuni ile amoksilini, na sanduku jekundu likaruka. Nilikaa nikilitazama. Tangu siku ile nimeandika programu yangu ndogo ambayo kila alfajiri hubisha ule mlango wa API na kuuliza kila kipengele, kimoja baada ya kingine, kama kimeruhusiwa. Jibu likiwa si kweli, simu yangu na ya metroni zinalia. Hazijalia. Lakini kila ninapofungua macho, kabla sijaitazama simu, ile baridi hunipanda magotini.

Msimamizi wa hospitali alituita, metroni na mimi. Si mtu mbaya. Alitushukuru, akatoa hata machozi kidogo, halafu akasema familia ile ikiuliza tuiambie mwili wa mgonjwa ulikataa dawa, jambo ambalo ni kweli. Mambo ya leseni ni ya ndani, akasema, na anayeyatoa nje atakuwa ameamua mwenyewe kuondoka. Metroni alimjibu kwa upole kwamba huo ni ukweli nusu. Msimamizi akasema nusu inatosha. Nilitoka pale nikiwa na hofu ya namna nyingine, ndogo na ya aibu. Nina watoto wanaosoma.

Yule mama alikuja kliniki kumchanjisha mtoto. Wakati huo uso wake ulikuwa umerudi kuwa uso wake, na kama si leso na mtoto nisingemtambua. Mimi nilimjua akiwa amevimba tu. Yeye alinitambua. Alikuja mpaka ofisini kwangu, akaketi bila kuambiwa, akaanza kumnyonyesha mtoto. Alisema anataka kuelewa jambo moja. Alipokuwa msichana, babake alimwambia kwamba habari ya sindano ile imeandikwa hapa hospitalini, kwa hiyo asiogope, wanajua. Sasa alitaka kujua kama haikuandikwa.

Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza kupiga mabati. Niliufunga mlango. Nikageuza kioo upande wake, nikamfungulia kadi yake mwenyewe, nikamwonyesha pale palipoandikwa. Kisha nikamweleza yote: ufunguo mpya, kifurushi, alama ya vema iliyokuwa haina nguvu, swali nililotuma na jibu lililorudi. Sikumsingizia mtu wala sikumficha mtu. Alisikiliza akitazama kioo, si mimi.

"Kwa hiyo kompyuta ilikuwa inajua," alisema.

"Ilikuwa inajua."

"Lakini haikuruhusiwa kusema."

Nikatikisa kichwa kukubali. Alimhamisha mtoto titi la pili, akamfunika miguu.

"Na wewe," akauliza, "umeruhusiwa kuniambia?"

Nilimwambia hapana.

Alimtazama mtoto akimeza. Sikujua anawaza nini, na niliogopa kumtazama. Mwishowe aliniomba nimwandikie kwenye karatasi majina ya dawa zote za ukoo ule, kwa herufi kubwa, za sindano na za vidonge, kwa sababu mama mkwe ndiye anayeshika mambo ya nyumba akiugua, naye huona kwa shida. Niliandika. Aliikunja karatasi, akaitia ndani ya kitabu cha kliniki cha mtoto, akaniaga kwa mikono miwili, akatoka.

Habari zilimfikia msimamizi kabla ya wiki kwisha. Sikuwahi kujua kwa njia gani. Aliniita. Nilipanda ngazi za ofisini kwake nikiwa nimeshawaza namna ya kumwambia mume wangu. Msimamizi aliniuliza kama ni kweli nilisema. Nikamwambia ni kweli. Akaniuliza kama ningesema tena. Nikamwambia ningesema. Alitazama mikono yake, kisha akaniambia nirudi kazini, na kwamba jambo hilo hajalimaliza.

Mpaka leo hajanieleza atalimaliza vipi.